Mbu wa Mtungini

Ukimwuliza mzee wa Mkongo juu ya mbu, hatakuonyesha nyumba yake. Atanyoosha mkono kuelekea bondeni, kule uliko Mto Rufiji na mabwawa yake, na atakwambia kwamba mbu wanatoka huko, na kwamba wanakuja jua likizama. Wala hasemi uongo. Watu wa Rufiji walikwisha kuishi na mbu karne nyingi kabla ya matabibu wa Ulaya kutambua kwamba mdudu huyu ana uhusiano wowote na homa. Kamusi za kwanza za Kiswahili zimetuhifadhia neno fumba, yaani mkeka uliokunjwa na kushonwa ukawa kama mfuko, mtu akajitia ndani yake akalala. Wakulima waliolinda mpunga usiku juu ya madungu walijua vizuri saa ya kujifunika na saa ya kuwasha moshi. Hiyo ilikuwa elimu, nayo haikuandikwa katika kitabu chochote.

Lakini elimu hiyo ni ya mbu wa bondeni. Mwaka 1968, baada ya mafuriko, serikali ilianza kuwahamisha wakazi wa bonde na kuwaweka katika vijiji vya juu, penye ardhi ya mchanga isiyofikiwa na mto. Mkongo imo katika vijiji hivyo vya juu. Kule bondeni maji yalikuwa miguuni pa mtu. Huku juu maji ni ya kuchimbiwa kisima au kubebwa kichwani, na yakishafika nyumbani hayamwagwi ovyo, huwekwa. Na wengi wa wana wa Mkongo, Kibiti na Ikwiriri hawakuishia hapo. Walipanda magari wakafuata Barabara ya Kilwa mpaka Dar es Salaam, wakashukia Mbagala, wakapanga chumba, na katika chumba hicho kitu cha kwanza kununuliwa baada ya godoro kilikuwa ndoo na dumu la maji. Walichukua pia chandarua, kwa kuwa walilelewa wakijua kwamba mbu ni wa usiku.

Huko mjini alikuwako mbu mwingine, ambaye huuma saa mbili asubuhi mama akifua, na saa kumi alasiri watoto wakicheza barazani.

Yafaa tuwatenganishe mbu hawa, kwa maana tangu zamani tumewaita wote kwa jina moja na kwa hiyo tumewapiga vita wote kwa namna moja. Yule wa malaria, anofelesi, hupenda maji yaliyotulia ya bondeni, mashambani na katika madimbwi, naye huuma usiku. Yule wa matende na mabusha, kuleksi, anaweza kuzaliana katika maji machafu kabisa, ndani ya vyoo vya shimo na mitaro iliyoziba. Wa tatu ni aedesi, mweusi mwenye madoadoa meupe miguuni kama aliyevaa soksi za mistari. Huyu ndiye wa kidingapopo, ndiye wa chikungunya, na ndiye wa homa ya manjano. Bwawa halimvutii, na choo hakimvutii. Anayataka maji safi, ndani ya chombo, karibu na watu. Yaani anayataka maji yale yale uyatakayo wewe.

Historia yake ni ya hapa kwetu. Wazee wa mbu huyu walikuwa wadudu wa msituni Afrika, wakitaga katika matundu ya miti yaliyojaa maji ya mvua. Binadamu alipoanza kuweka maji ndani ya nyumba, baadhi yao waliuacha msitu wakamfuata. Huko Rabai, juu ya Mombasa, wataalamu wameziona koo zote mbili zikiishi jirani: mmoja bado ni wa msituni na huuma wanyama, mwingine ni wa nyumbani, hutaga mtungini, na harufu anayoitafuta ni ya mwanadamu. Kati ya makao ya huyu na ya yule ni mwendo mfupi tu wa miguu.

Sasa twende Unguja, mwaka 1870. Mji ulikuwa bado na matanga ya kipindupindu kilichoua maelfu ya watu kuanzia mwishoni mwa mwaka 1869. Kabla watu hawajapumua, mnamo Julai ikazuka homa nyingine. Mtu alikuwa mzima akitembea, ghafla viungo vikamkaza, magoti na vifundo vikamuuma hata asiweze kusimama, ngozi ikatoka vipele. Karibu mji mzima uliugua, ingawa waliokufa walikuwa wachache. Tabibu mmoja kutoka Uingereza, James Christie, aliyekuwa akifanya kazi Unguja siku hizo, aliuliza watu wanauitaje ugonjwa huo. Wakamjibu bila kusita: kidinga pepo. Wazee wakamweleza kwamba haukuwa mgeni, kwani uliwahi kupita katika mji huo wakati wa ujana wao, kiasi cha miaka hamsini nyuma. Jina lilikuwa limehifadhiwa midomoni likisubiri ugonjwa urudi.

Christie alifasiri kwamba maana yake ni mkazo wa ghafla wa mwili uletwao na pepo. Leo sisi tunasema kidingapopo, na yaelekea popo hana kosa lolote katika jambo hili, ila ulimi uligeuza pepo ikawa popo. Wapo wataalamu wa lugha wanaoshikilia kwamba neno hilo la Kiswahili lilivuka bahari hata visiwa vya Karibi, ambako mwaka 1827 na 1828 ilienea homa ya namna hiyo, na Wahispania wa huko wakalisikia wakaligeuza kuwa dengue, jina ambalo ulimwengu mzima unalitumia sasa. Wengine wanabisha. Ama mimi naona kwamba hata wakibisha, hawawezi kukana kuwa neno hilo lilikuwako Unguja, na kwamba watu hawalipi jina la kudumu jambo lililowapata mara moja tu.

Christie alifuatilia safari ya ugonjwa ule. Kutoka Unguja ulikwenda mwambao wa bara, ukafika Aden na Bara Arabu, na mwaka 1871 ukatua India. Ulifuata njia ya vyombo vya biashara. Hapana ajabu, kwa kuwa kila jahazi na kila meli ilichukua maji ya kunywa katika mapipa, na pipa lile la maji ya mabaharia lilikuwa nyumba nzuri ya mbu, na mabaharia wenyewe wakawa chakula chake njiani. Lakini hayo twayasema sisi leo. Mwaka 1870 hakuna aliyemshtaki mbu. Carlos Finlay wa Cuba alikuja kumtaja mwaka 1881 kwa homa ya manjano, Wamarekani wakalithibitisha neno lake huko Havana mwaka 1900, na mwaka 1906 Bancroft wa Australia akasema kwamba mbu yuyo huyo ndiye anayeeneza dengue.

Miaka themanini na zaidi ikapita tangu siku za Christie. Mwaka 1952 ugonjwa kama ule ulizuka upande wa kusini wa Tanganyika, katika uwanda wa juu wa Wamakonde, wilayani Newala. Hii, msomaji, ni barabara yetu hii hii ipitayo Kibiti na kuvuka Rufiji kuelekea Lindi na Mtwara, ila wakati huo mto ulivukwa kwa pantoni, kwa maana Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Wagonjwa wa Newala walipindwa na maumivu ya viungo, wakatembea wameinama. Wamakonde wakaueleza ugonjwa huo kwa neno lao lenye maana ya kujikunja, nasi ulimwengu tukapokea kutoka kwao jina chikungunya. Vitabu vingi vimeandika kwamba hilo ni neno la Kiswahili. Si kweli, ni la Kimakonde, na haki ya mtu hurudishwa kwa mwenyewe hata ikiwa ni haki ya neno.

Marion Robinson aliandika dalili za wagonjwa, na W. H. R. Lumsden, kutoka taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, akachunguza mbu. Alichokikuta Newala ndicho kiini cha makala haya. Uwanda ule wa Wamakonde ni mahali pakavu, hapana mto wala chemchemi juu yake. Wanawake waliteremka mabondeni mwendo mrefu kuteka maji, wakapanda nayo mlima, wakayahifadhi nyumbani katika vyungu. Maji yaliyopatikana kwa taabu namna ile hayawezi kumwagwa kwa kuwa yamekaa siku nne. Ndani ya vyungu vile, gizani, nyumbani mwa watu, ndimo walimokuwa viluwiluwi vya aedesi. Palipokuwa hapana bwawa wala dimbwi, ndipo mbu alipostawi. Na waliochunguza upya maandishi ya Christie wakaona kwamba kidinga pepo ya 1870, kwa jinsi ilivyoshika viungo na kuacha maumivu ya muda mrefu, huenda haikuwa dengue hata kidogo, bali ilikuwa chikungunya hii hii.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya kale. Basi na tuitazame Lamu mwaka 2004. Mvua zilikuwa zimeadimika mwambao wa Kenya. Visima vya Lamu vilipungua, watu wakazidi kuweka maji ndani ya nyumba, na maji hayo yakakaa bila kubadilishwa kwa upya. Chikungunya ikaingia. Damu za wakazi zilipopimwa baadaye, ilionekana kwamba katika kila watu wanne, watatu walikuwa wameupata ugonjwa. Kisha ukaenea: Mombasa mwishoni mwa mwaka ule, Komoro mwaka 2005, kisiwa cha Réunion ambako uliwapata kiasi cha thuluthi moja ya wakazi, na India mwaka 2006, ambako waliodhaniwa kuugua walizidi milioni moja. Kama ile ya mwaka 1870, safari hii nayo ilianzia mwambao wetu ikafika India.

Na linalotia uchungu ni kwamba ilikuwa Lamu. Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa na birika la maji, na wenye nyumba walitia ndani yake samaki wadogo ili wale viluwiluwi. Chini kabisa ya birika walipachika bakuli la kauri, ili maji yatekwapo yakabaki kidogo, samaki wapate pa kukimbilia wasife. Fikiri, msomaji, adabu iliyomo katika bakuli lile. Waliojenga hawakujua habari ya virusi wala hawakuwa na hadubini. Walijua tu kwamba maji yawekwayo yana haki ya kutunzwa, na kwamba anayeyatunza, hata akiwa samaki, naye ana haki yake. Siku zilipobadilika, kukaja pipa la plastiki, na katika pipa la plastiki hakuna bakuli la samaki.

Sasa turudi Mbagala, na Manzese, na Tandale, na Vingunguti. Dengue ilionekana Dar es Salaam mwaka 2010, ikarudi mwaka 2013, na mwaka 2014 iliwapata watu zaidi ya elfu moja waliothibitishwa kwa vipimo. Mwaka 2019 hesabu ilifika maelfu, wengi wao wa Dar es Salaam, na Tanga nayo haikusalimika. Na hao ni wale waliopimwa. Wangapi waliugulia chumbani wakidhani ni malaria?

Milipuko ilipokuja, katika matangazo yalikuwamo haya: fukieni madimbwi, fyekeni majani, zibueni mitaro. Ni mambo mazuri, tena mtaro uliozibwa ni aibu kwa mtaa. Ila mama aliyepanga chumba Mbagala husikia tangazo hilo akaangalia nje. Anaona mtaro wa maji meusi anausikitikia, kisha anarudi ndani penye pipa lake la maji meupe, alilolifunika kwa sinia lisilotimia mdomo wa pipa, na hana shaka nalo hata kidogo. Bomba katika mitaa mingi hutoka kwa zamu. Asiye na bomba hununua kwa ndoo au kwa dumu kutoka kwa wenye mikokoteni. Mwenye fedha amejengewa tangi kubwa lenye kifuniko cha kuzungusha, juu ya mnara; mnyonge ana mapipa na ndoo, kila kimoja na mdomo wake wazi. Kwa hiyo mbu huyu hupata kwa wanyonge vyombo vingi vya kutagia, ingawa matairi na vyungu vya maua ya matajiri navyo vina sehemu yao.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wenye kuwaambia wakazi wa mitaa ya mabanda kwamba wanaugua kwa sababu ya uchafu. Maneno hayo huumiza, na zaidi ya kuumiza, si sahihi. Mwanamke yule ametafuta maji safi, ameyalipia, ameyaweka mahali penye kivuli yasipate vumbi. Mbu huyu amemfuata kwa sababu ya usafi wake. Ukimwambia kwamba yeye ni mchafu atafagia uwanja mara mbili, wala hatalifungua lile pipa kutazama. Katika wakati wa utawala wa Waingereza, bwana afya alikuwa akiingia uani, akichungulia mitungi, na aliyekutwa na viluwiluwi aliweza kutozwa faini. Watu walimwogopa bwana afya kuliko walivyomwogopa mbu, wakajifunza kuficha mitungi. Elimu inayoanza kwa kumdhalilisha mtu haimkai.

Mwambie badala yake jambo moja ambalo wengi hawajalisikia. Mbu huyu hatagi juu ya maji. Hutaga kwenye ukuta wa ndani wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai yake hunata hapo kama vumbi jeusi. Maji yakiisha, mayai hayafi. Huweza kukaa makavu kwa miezi, na siku utakayojaza pipa tena yataanguliwa. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi, nako kwa mtu aliyenunua maji ni hasara. Linalofaa ni kungoja maji yapungue, kisha kusugua ukuta wa ndani kwa brashi au kwa kifumbu, kusuuza, ndipo kujaza. Tangu yai kuanguliwa hadi mbu kuruka ni kiasi cha wiki moja au zaidi kidogo, basi anayesugua kila Ijumaa asubuhi amewahi. Na mdomo wa pipa ufungwe kwa kitambaa chepesi kilichokazwa kwa mpira pembezoni pote, pasibaki upenyo.

Nimetaja Ijumaa si bure. Misikiti yetu mingi ya mitaani, maji yanapotoka kwa zamu, huweka mapipa ya kutawadhia, na mapipa hayo hukaa wazi siku zote kwa ajili ya kata kuingia na kutoka. Watu huja kutawadha alasiri na magharibi, saa zile zile mbu huyu anapouma. Sisi ambao dini yetu imeyafanya maji kuwa mlango wa sala, hatuna udhuru wa kutojua kilichomo ndani ya pipa la udhu. Msikiti ukitengeneza pipa lenye kifuniko na bomba dogo chini, majirani wataona na watauliza, na jibu la mhudumu wa msikiti litasikilizwa kuliko gari lenye kipaza sauti.

Kwamba kifuniko kina nguvu si dhana. Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1988, walipigana na kuleksi wa matende kwa kumimina ndani ya vyoo vyenye maji punje nyepesi za plastiki zinazoelea. Punje zilifunika uso wa maji kama blanketi, mbu akakosa pa kutagia, viluwiluwi vikakosa pumzi, na kuumwa kwa watu kukapungua sana. Wakazi walipewa pia dawa ya matende. Mji mwingine wa Unguja ulipewa dawa bila punje, na huko ugonjwa ulianza kupanda tena, hali Makunduchi uliendelea kushuka. Ni mbu mwingine na maji mengine, lakini kilichomshinda kilikuwa kifuniko.

Liko na jambo la homa yenyewe. Si kila homa ni malaria. Kidingapopo haina dawa ya kuiua. Mgonjwa hupumzishwa, hunyweshwa maji mengi, na hupewa parasetamoli. Asipewe aspirini wala dawa kali za maumivu kama ibuprofeni, kwani huzidisha kutoka damu. Na mtu asidanganyike homa ikishuka kati ya siku ya tatu na ya saba, kwa sababu saa hiyo ndiyo ya hatari: tumbo likiuma sana, akitapika mfululizo, fizi au pua zikitoa damu, au akalegea asijitambue, apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi.

Na Mkongo? Bonde bado liko palepale, na mbu wa usiku bado anatoka huko, wala chandarua kisiachwe hata siku moja. Lakini Mkongo ya leo ina pikipiki, na pikipiki ina tairi zilizoisha ambazo hutupwa nyuma ya nyumba. Ina madumu, ndoo na mapipa ya plastiki, kama Mbagala. Dumu kavu lililonunuliwa kwa bei rahisi Mbagala Rangi Tatu, au tairi kuukuu lililofungwa juu ya gari, laweza kuchukua mayai makavu mia yaliyonata ndani yake. Huondoka mjini asubuhi, hupita Mkuranga na Kibiti, hushushwa Mkongo mchana, huwekwa upenuni. Hapo yatasubiri, mwezi mmoja au mitatu, mpaka mtu achote maji kisimani ayamimine ndani.